Mama Mkwe na Landrova ya Jirani

Mzigo ule uliletwa mlangoni kwetu kwa makosa. Ulikuwa mrefu kama mkeka uliokunjwa, umefungwa kwa kamba, na stempu zake zote zilikuwa na kichwa cha malkia wa Uingereza. Mume wangu, Mkenya asiyeamini kitu mpaka akikanyage, aliusukuma kwa ncha ya kiatu.

"Hii ni hema ama ni maiti?"

Jina lililoandikwa juu lilikuwa la jirani wa nyumba ya pili. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, tumehamia Wheaton, Maryland, huko Marekani, karibuni, na jirani huyo tulimjua kwa kelele tu. Alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye mvi, mwalimu wa muziki aliyestaafu. Kila Jumamosi tulisikia nyundo ikigonga gerejini kwake, tena kwa mdundo mzuri, lakini kinachogongwa hatukukijua.

Tuliubeba mzigo, mimi huku na mume wangu kule, tukampelekea. Alitufungulia gereji kwa furaha, na hapo ndipo nilipoiona: landrova ya jeshi la Waingereza, kuukuu, imekaa juu ya matofali bila magurudumu, kama mtu anayengoja kusuguliwa miguu. Jirani alikata kamba kwa haraka, akakunjua, akakunjua tena. Likatoka turubai. Aliendelea kukunjua mpaka likaisha, akabaki amelishika pembe.

"Niliagiza hudi," alisema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Wamenitumia hema!"

Mume wangu alinitazama kwa ushindi.

Hudi, kwa Mmarekani, ni kile kifuniko cha injini. Sikujua kwamba kwa Mwingereza ni turubai la kufunika gari. Lakini kifuniko kile alichokuwa akikinyoshea kidole, kilichobonyea kama sufuria ya shule, jina lake nilikuwa nalo tangu utotoni.

"Hiyo ni boneti," nikamwambia.

"Ni nini?"

"Boneti."

Akachukua kitabu cha vipuri kilichokuwa juu ya meza, kinene, kurasa zake zimelowa mafuta, akapekua kwa kidole. Kidole kikasimama. Akaniangalia upya kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Ulifanya kazi ya ufundi wapi?"

"Sijafanya popote. Nimezaliwa Morogoro."

Na ilikuwa kweli. Gari nilikuwa sijui hata kuliendesha. Mtihani wa leseni ulikuwa umenishinda, tena kwenye kuegesha. Ila kitabu chake kiliandikwa na Waingereza, na Waingereza walipoondoka kwetu walituachia maneno yao yote ya gereji, tukayatia irabu mwishoni tukaendelea na maisha. Jirani aliposoma maneno yale aliona giza. Mimi niliona madigadi, spana, petroli, windskrini, vitu vya mjomba wangu vilivyolala uani kwetu. Kwa hiyo mtu aliyefeli mtihani wa udereva akawa mkalimani wa landrova.

Alianza kunipigia simu kazini. Nilikuwa mapokezi kwa daktari wa meno huko Rockville, na daktari hakupenda simu za binafsi, basi nilijibu kwa sauti ya kikazi.

"Sailensa ni nini?" jirani anauliza.

"Ni lile bomba la nyuma," namjibu. "Likitoboka linanguruma mtaa mzima. Inabidi kulikata na kuunganisha jipya."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alijishika shavu, akaenda kukaa karibu na mlango.

Shida kubwa ya jirani, hata hivyo, haikuwa majina ya vipuri. Alitaka kujua landrova yake ni nani hasa. Aliinunua kwa mkulima wa Pennsylvania, imeota majani mpaka kwenye usukani, na mkulima hakujua ilikotoka. Kibati cha dashibodi ambacho kingesema kila kitu kilikuwa kimeng'olewa, yamebaki matundu ya skrubu. Rangi alikuwa akiikwangua kidogo kidogo: juu buluu, chini yake rangi ya mchanga, chini zaidi kijani cha jeshi. Iliyobaki ilikuwa namba iliyogongwa kwenye chesisi, karibu na springi ya mbele, na kutu ilikuwa imeitafuna.

Tulilala chini ya gari, yeye na chaki, mimi na tochi. Alipaka chaki juu ya chuma, akafuta kwa kitambaa, tarakimu zikajitokeza moja moja. Zote zilisomeka ila moja.

"Nane," alisema.

"Mimi naona tatu."

Mume wangu akaitwa. Aliinama, akakodoa, akasema kwa uhakika wote, "Tano," akarudi kula. Basi jirani akawaandikia watu wa Uingereza wanaotunza kumbukumbu za magari ya jeshi, akawapa namba zote. Hata ile tano, kwa ujirani mwema.

Tukiwa bado tunasubiri majibu, mama mkwe wangu akafika.

Alitoka upande wa Nyeri, alikuwa hajawahi kupanda ndege, na alikuja kumwona mjukuu. Nilimpokea kwa adabu zote za nyumbani, nikapiga goti, "Shikamoo, Mama." Akaitikia, "Mzuri sana," akanipita kwenda kwa mtoto. Siku ya pili aliona gereji ya jirani iko wazi. Akatoka na malapa, nami nikamfuata mbio na koti.

Jirani alikuwa amejiandaa. "Jambo, Mama!" alisema, kama nilivyomfundisha.

Mama alimpita. Aliizunguka landrova polepole, mkono nyuma. Akafika ubavuni, akaupiga kwa kiganja, bati likalia.

"Ni hii," akasema.

"Ni hii nini, Mama?"

"Ndiyo ilikuja kutuchukua."

Akaeleza, na mimi nikatafsiri. Ni wakati wa hali ya hatari, ile iliyotangazwa na Waingereza huko Kenya miaka ya hamsini, yeye ni msichana wa kubeba kuni. Watu walikuwa wamefungiwa vijijini, na kila asubuhi gari la askari lilikuja kupakia wanawake kwenda kuchimba mitaro ya kuzunguka kijiji. Walipakiwa nyuma, wamesimama na majembe yao. Siku moja mama yake alisukumwa, naye akageuka akalipiga gari jembe, ubavuni.

"Hapa," alisema, na kuweka kidole.

Kulikuwa na kibonyeo. Jirani alikitazama kibonyeo, akaitazama nyundo aliyokuwa ameishika, akaiweka mezani. Kisha akaniambia kwa upole kwamba landrova za namna ile zilitengenezwa nyingi mno, na vibonyeo ndivyo usiseme.

"Mwambie," Mama alijibu, "asinifundishe gari lililonibeba."

Nilidhani hatakanyaga tena pale. Kumbe kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaanza kusimamia. Yeye alisema Kiswahili cha Nyeri, jirani Kiingereza cha Maryland, na sikuona wakinihitaji tena.

"Imekaa upande," Mama anasema, akiinamisha kiganja.

"Naona, naona," jirani anajibu, na kulegeza nati.

Rangi ilichaguliwa na Mama. Jirani alitaka ile ya mchanga, ya kifahari, ya jangwani. Mama alitikisa kichwa akachuma jani uani kwa jirani mwenyewe, akalibandika kwenye mlango. Ikawa kijani. Kibonyeo kilipakwa rangi hivyo hivyo, hakikunyooshwa.

Majibu ya Uingereza yalipokuja, tulisikia ukelele wa jirani. Tulikimbia, tukidhani gari limemwangukia, tukamkuta anacheza peke yake. Ilikuwa nane. Landrova yenye namba ile ilitoka kiwandani hali ya hatari imeshaondolewa, na maisha yake yote ya jeshini ilikaa Ujerumani. Ile tatu ilikuwa ya trela. Tano haikuwahi kuwa ya chochote.

Hapo ndipo alipotueleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Ujanani alikuwa mwanajeshi Ujerumani, mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi la Marekani. Siku moja lori la bendi lilimsahau barabarani, mvua kubwa. Waingereza wawili walipita na landrova, wakampakia na tarumbeta lake, wakampa na chai. Tangu siku hiyo aliapa iko siku atamiliki landrova.

"Inawezekana kabisa kwamba ndiyo yenyewe!" alisema. Macho yalikuwa yamemlowa.

Nikamtafsiria Mama. Alisikiliza midomo imebana.

"Kumbe," akasema. "Yake inawezekana. Yangu haiwezekani."

"Mama, ni mambo ya tarehe."

"Si umesema zilitoka kiwanda kimoja?"

"Ndiyo."

"Basi hii ni ndugu ya ile. Na ndugu ya mtu humjua kwa uso."

Jirani alipotafsiriwa alikubali kwamba hoja hiyo hana pa kuivunjia.

Wakati wa kiangazi landrova ilisimama kwa magurudumu yake, na jirani akatualika kwenye maonyesho ya magari ya zamani, katika uwanja mmoja wa kuegesha kule Rockville. Mume wangu alikuwa kazini, mtoto tukamwacha kwa rafiki. Mama alivaa kilemba chake cha kanisani. Jirani, kwa heshima, alikuwa amemtandikia mto mnene kwenye benchi la nyuma.

Mama akautazama mto.

"Nyuma nilishakaa," alisema. "Leo nakaa mbele."

Mto nikaukalia mimi.

Landrova ile ilikuwa ya Waingereza, kwa hiyo usukani wake uko kulia. Maana yake Mama alikaa kushoto, pale ambapo Marekani nzima hutegemea kumkuta dereva. Barabarani watu waliona ajuza mwenye kilemba, ametulia, hana usukani, anakwenda. Kwenye taa za barabarani kijana mmoja kwenye gari la pembeni alifungua mdomo asiufunge. Mama akampungia mkono. Gari la pili nalo likapiga honi, akapunga mikono yote miwili. Alikuwa akipunga kama mheshimiwa anayefungua daraja wakati tuliposikia king'ora nyuma yetu.

Jirani akaegesha. Polisi, kijana mwenye kofia, akaja moja kwa moja dirisha la kushoto.

"Mama, nilikuona umeachia mikono yote," alisema. "Naomba leseni."

Nilikuwa nimeanza kucheka, nikanyamaza. Mkono wa Mama ulikuwa umeshaingia kifuani, haraka kuliko nilivyowahi kuuona ukienda, ukatoka na leso iliyofungwa. Ndani yake mlikuwa na pasi ya kusafiria, tikiti ya ndege, na cheti cha chanjo. Alimpa vyote. Alivitoa kama mbele ya askari wa kijiji kile.

"Ofisa," jirani aliita kutoka upande wa pili, "usukani uko huku."

Kijana aliinama. Akayaona magoti ya Mama, na mbele ya magoti hakuna kitu. Masikio yakamgeuka mekundu. Alicheka, akaomba radhi, akarudisha pasi. Lakini Mama alikuwa ameshapata pumzi yake.

"Muulize, yeye chake kiko wapi?"

"Chake nini, Mama?"

"Kitambulisho. Amesoma changu, na mimi nisome chake."

Nilitafsiri kwa Kiingereza laini kuliko chote nilichokuwa nacho. Kijana alisita, kisha akatoa kadi yake, akampa. Mama hakujua Kiingereza. Aliisoma kadi ile mstari kwa mstari. Aliiinua akailinganisha picha na uso, akaonyesha kwa kidole kwamba kofia itolewe. Kofia ikatolewa.

Aliendelea kumkagua. Magari yalitupita. Jirani alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Sawa," Mama alisema, akamrudishia kadi. "Aende."

Tulifika maonyeshoni tumechelewa, na waamuzi walikuwa wameshapita safu yetu, kwa hiyo hatukupata hata cheti cha kuhudhuria. Jirani hakujali. Alimsimulia kila aliyepita habari ya polisi, na kila aliposimulia kadi ilizidi kusomwa polepole.

Jioni mume wangu alirudi kutoka kazini, akamkuta Mama kwenye kochi, amenyoosha miguu.

"Mama, ilikuwaje?"

"Kiti ni kigumu," alisema. "Na hawa polisi wenu ni watoto."

Kisha akaomba chai.