Bibi na Rede ya Marekani

Harufu ya njugu za kukaanga mtaani kwetu Hamriya hunirudisha kwenye uwanja wa besiboli Marekani, tulikokwenda kumtembelea ami. Bibi hakuwa amecheka tangu babu afariki, na baba alimleta uwanjani achangamke. Alikaa kajikunja ndani ya buibui lake. Kisha mpira ukamgonga mpigaji mbavuni.

“Katoka!” bibi akasimama. “Rede hiyo! Mie Unguja nkirusha, nani akinikwepa?”

Katika rede, mchezo wa usichana wake, anayegongwa hutoka. Alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Kwenye besiboli aliyegongwa hatoki, hupewa kituo cha kwanza bure. Nilizijua sheria, na nyumbani sikuwa nikimwachia mtu kosa.

“Bibi,” nikaanza. Baba akanikazia macho.

“Nini, mjukuu wangu?”

“Katoka kweli.”