Mchanga wa Kuonyesha Wageni

Ipo asubuhi moja hainitoki kichwani, mwanangu. Najua unacheka nikikuita mwanangu, maana hata thelathini sijafika na shule niliishia la nane. Lakini nimeshaota mvi, na mambo haya ninayokwambia ndiyo yaliyoniotesha, kwa hivyo leo mimi ndiye mzee. Kaa usikize.

Babangu kazi yake ilikuwa kutembeza watalii mwambani, pale ufuo wa Shelly, maji yakipwa. Kila kiumbe cha baharini alikijua, kinalala wapi, kinakula nini, kinaogopa nini. Kisha akapooza upande wa kulia. Ulimi nao ukawa mzito, neno moja likimchukua muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Tukamlaza sebuleni, hapa hapa kwetu Likoni, na mimi nikapata wazo la kumletea bahari ndani. Tangi dogo la kioo, maji ya mitungi kutoka Shelly, mchanga, mawe, pampu ya kupuliza hewa, samaki wawili wadogo. Baba alipoliona alicheka kwa nusu ya mdomo aliyobakiwa nayo. Nusu ile ilinitosha kabisa.

Muda si muda mchanga ukafanya utando wa rangi ya kahawia. Sasa mamangu unamjua, yule akifagia ua hata kuku wanatembea kwa adabu. Na unajua kwetu mgonjwa akiwako nyumbani mlango haufungwi. Anaingia huyu na chupa ya uji, anatoka yule na pole zake, na wote macho yanazunguka nyumba nzima. Mama akaona haya. Akaniambia nifanye nijuavyo, mchanga ule uwe mweupe, watu wasije wakasema mumewe amelazwa kando ya tope.

Nikapanda hadi Magongo kwa jamaa mmoja anayeuza samaki wa mapambo. Yeye akaniambia nichukue konokono wadogo, wale wanaojizika mchangani na kuibuka wakinusa chakula, wanakula mabaki na hawana maneno. Wachache tu. Nikamwambia wachache ni wa wavivu, mimi nataka aliye mkali. Akanitajia jongoo bahari. Nilipompelekea mama habari hiyo aliuliza kichwa kiko upande gani, nikamjibu hata mwenyewe hana hakika, akasema basi mtu asiyejua kichwa chake havuki kizingiti changu.

Tukabaki na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, wa aina ile ya mchangani, mikono mitano, rangi ya mkate uliochomwa kidogo. Anazama, anapita chini kwa chini, na alikopita mchanga unageuka mpya. Jamaa aliniuliza tangi langu lina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono, na mikono yangu, Mungu anisamehe, huwa inatia chumvi.

Hapa pana jambo ulishike. Mashauri yote hayo mimi na mama tuliyafanya tumesimama upande huu na huu wa kitanda, baba katikati. Macho yake yanakuja kwangu, yanakwenda kwa mama. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Mama akampangusa mate, akamwambia pumzika, mume wangu. Hakuna aliyengoja neno litoke.

Basi kiti cha pweza akaingia kazini. Mchanga ukatakata mpaka Bi Zuhura jirani, ambaye hajamsifu mtu tangu azaliwe, akasema mashallah, mchanga huu utautia kwenye chai usijue. Mama akawa anatembea shingo juu. Na baba alimpenda yule mnyama, wallahi. Alimfuata kwa macho akizama kona hii, akiibuka kona ile. Halafu siku moja tukaona kidole cha mkono ule uliokufa kinasogea juu ya shuka, taratibu, kikimfuata. Mama alilia. Tukasema anarudi, baba anarudi.

Kisha kiti cha pweza akaacha kuzama. Akawa anakaa tu juu ya mchanga kando ya kioo, na ncha za mikono zinameguka. Nikampigia simu yule jamaa. Akanieleza kwamba huyu hali uchafu, anakula vidudu vidogo vinavyoishi ndani ya mchanga, na kwa tangi kama langu akishavimaliza hana kingine. Nikamkatia vipande vya nyama ya kamba wa baharini, nikamwekea chini ya tumbo. Hakugusa. Weupe ule waliokuwa wakiusifu wageni ulikuwa njaa, mwanangu. Alikuwa anakufa njaa mbele yetu na sisi tunapokea mashallah.

Asubuhi ninayokwambia, nilikuta mkono mmoja wa yule mnyama umeachana naye. Baba akanivuta shati kwa mkono wake mzima. Safari hii nilikaa chini nikangoja.

"Utando... ungeondoka... wenyewe," akasema.

Nikangoja tena, jasho likimtoka.

"Mngeniuliza."

Nikamtia yule mnyama kwenye ndoo, nikashuka Shelly, nikaingia maji mpaka kifuani nikamweka chini. Sikumwona akizama. Niliporudi nyumbani baba ameshageukia ukutani, na kidole kimetulia.

Mpaka leo. Tangi lingaliko, na konokono wachache niliowaleta baadaye ndani yake. Mchanga ulichafuka tena, kisha utando ukaondoka wenyewe, vile vile alivyosema. Ninamgeuzia kitanda atazame, anafumba macho. Kila nikitoka kazini namuuliza, baba, niongeze nini, nitoe nini? Nakaa pale. Mama siku hizi hajali tena macho ya wageni, hafukizi hata udi. Neno halitoki, na mimi sijui kama hawezi au hataki, na nikiogopa kitu duniani ni kwamba anaweza.

Sasa sikia nasaha yangu, usinikatize. Ukitaka kuweka bahari ndogo ndani, tosheka na konokono wachache, na kiti cha pweza muache mwambani kwenye mchanga usioisha. Mchanga ukifanya rangi siku za mwanzo, uvumilie, wageni watakwenda zao. Yeyote unayemleta akusafishie, jua kwanza atakula nini kazi ikiisha. Na ukiwa na mgonjwa, usimfanyie mazuri juu ya kichwa chake. Muulize, kisha unyamaze. Sisi mjuzi tulikuwa naye kitandani, tukaenda kuuliza Magongo.

Nenda salama. Mungu akuepushe na kuona haya mbele ya watu, na siku ulimi wako utakapokuwa mzito akujaalie mtu wa kukaa kitako mpaka neno lako litoke. Amin.