Nilivyomzika Mama Akiwa Shambani Anavuna

Naitwa Baltazari, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mkazi wa Kizwite, na kwa miaka miwili sasa ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uandishi. Hilo la uanafunzi nalitaja mwisho makusudi. Nina upara na goti bovu, lakini kila likizo ya katikati ya mwaka nabeba begi la mgongoni kwenda Kaengesa, ambako chuo chetu hukodi mabweni, nikalale na watu wazima wenzangu tukifundishwa upya kuandika sentensi. Asubuhi tuna darasa. Mchana wanakuja wageni kutueleza kazi ya uandishi inavyokwenda huko duniani. Mwishoni kila mmoja anapanda jukwaani kusoma kazi yake mbele ya watu, na asiyefaulu hapo anarudia.

Tatizo ni kwamba likizo hiyo ndiyo msimu wa kuvuna. Ulezi unakatwa kwa kisu, suke moja moja, kwenye upepo wa Ufipa unaopenya sweta mbili. Mwaka wa kwanza mama yangu, Kristiana, alinivumilia. Mwaka huu aliniangalia nikifunga begi akasema, "Huu ndio wa mwisho. Mwakani sikuvunii. Mtu mzima anakwenda kusoma hadithi, mke wake anakata ulezi!"

Masomo yetu ni ya likizo tatu. Bila hiyo ya tatu ningebaki na shahada isiyo na mkia. Utasema mtu wa umri wangu aende tu. Wewe humjui mama yangu. Shamba ni lake, mimi ndiye kifungua mimba, na nyumbani kwetu hakuna anayeondoka wakati wa mavuno bila ruhusa yake. Kwa hiyo nilikuwa na mpango mmoja: nifaulu usomaji, hadithi yangu iingie kitabuni, nimpelekee kitabu mkononi. Mama hasomi sana, ila huheshimu kitu chenye jalada.

Sasa, mimi kwa miaka mingi ndiye ninayesoma matangazo ya misa ya pili parokiani. Ndoa, michango, vifo, vyote vinapita kinywani mwangu, na nina sauti yake maalumu ambayo, nakiri, naipenda. Dokta Evodia, mwalimu wetu mkuu, aliisikia siku ya kwanza akashika kichwa. "Mwalimu Baltazari," akasema, "umesoma habari za mbuzi aliyepotea, nami nimejikuta nataka kusimama nimwombee."

Nilichukulia hiyo kuwa sifa.

Hadithi yangu ilikuwa ya mama. Hapo mwanzo alikuwa anapepeta ulezi tu, kurasa zote, anapepeta. Kisha akaja Bwana Raymond, mchapishaji kutoka Dar es Salaam, kutupa mada. Akasema hadithi ya mama mwema haimshiki msomaji. Lazima kitu kivunjike. Mimi sina akili ya kuvunja vitu vidogo. Kabla ya kengele ya chakula cha jioni nilikuwa nimeshamuua, tena kwenye sentensi ya kwanza. Jina nikaliacha lilelile, na Kizwite nikaiacha, kwa sababu Dokta Evodia alikuwa ametuambia tuyaite mambo kwa majina yake. Nilikuwa mwanafunzi mtiifu kwa walimu wawili kwa mpigo.

Siku ya kusoma, ukumbi ulifunguliwa kwa watu wote. Nilipanda nimevaa koti langu la Jumapili, nikashika kingo za meza ya kusomea, nikakohoa kidogo kama nifanyavyo kabla ya matangazo. Nikaanza: "Mama yetu Kristiana, wa Kizwite, ametutoka leo alfajiri, akiwa na ulezi mkononi."

Kule nyuma nikaona mwanamke aliyechelewa kuingia akiweka mikono kichwani. Akajifunika kitenge chake cha njano usoni, akatoka nje analia. Jamani, nilijisikia! Sentensi moja tu na mtu ameshindwa kuvumilia. Hata nilinyamaza kidogo kumpa nafasi atoke vizuri.

Nilimaliza watu wakapiga makofi. Dokta Evodia akaniambia nimefaulu, na Bwana Raymond akasema hadithi anaichukua kwa kitabu chake cha hadithi fupi, hasa ule mwanzo. Baada ya hapo kulikuwa na mada ya namna ya kujitambulisha kwa wachapishaji, simu zote zimezimwa. Nilikaa mstari wa mbele nikijitambulisha kimoyomoyo.

Nilipowasha simu ilitetemeka mpaka ikaniponyoka. *Pole sana Mwalimu. Mungu ampumzishe mama.* Mkuu wangu wa shule. Jirani. Binamu yangu wa Mpanda, aliyekuwa ameshapanda basi. Nikampigia mke wangu Luciana, hapatikani, maana kule shambani mtandao hakuna. Nililia pale pale kwenye ngazi za ukumbi, na sikukumbuka sauti wala koti. Niliwaza kitu kimoja tu: nimeandika, na imekuwa.

Shija, mwanafunzi mwenzangu ambaye kwao ni wafugaji wa Kaoze, alinipakia kwenye pikipiki yake bila kuuliza. Tulipokaribia Kizwite akapiga kelele kushinda upepo, "Mwalimu! Nani kawapa watu taarifa?"

"Jenifer," nikajibu. "Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Kila ujumbe unamtaja yeye."

"Yule mama wa kitenge cha njano, aliyejitambulisha kwangu mlangoni? Si alikuwa ukumbini?"

Nilikumbuka kwamba Jenifer ana dada yake Kaengesa. Nikamkumbuka mwanamke aliyetoka analia, na jinsi nilivyompa nafasi.

Nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa, mabenchi yamepangwa, moto unawaka chini ya sufuria kubwa. Jumuiya yetu kwa misiba haina mchezo. Na katikati ya akina mama, kwenye kigoda, amekaa mama yangu na sweta lake la shambani, makapi ya ulezi kwenye nywele.

Luciana alinivuta pembeni. Walikuwa wamerudi kutoka shamba wakaliona turubai kwa mbali. Mama alitupa mzigo akakimbia, ndala moja ikabaki njiani, anapiga kelele, "Ni Baltazari? Ni mwanangu?" Akina mama walipomwona marehemu anakuja mbio, nusu yao wakaruka uzio. Jenifer alipiga magoti akaanza Salamu Maria. Nilicheka kusikia hilo la uzio, lakini lile la ndala nilimwomba asilirudie.

Nikaenda mbele yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekufa lini?"

"Leo alfajiri, mama."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Ugonjwa sikuandika."

"Hata ugonjwa hukunipa," akasema, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Nimekufa bure." Kisha akanionyesha benchi. "Kaa. Soma hayo uliyowasomea watu wa Kaengesa. Mchele umeshapikwa, hakuna anayeondoka."

Nikatoa karatasi. Nilisoma sentensi ya kwanza kwa sauti ambayo hata mwenye masikio mazuri angeisikia kwa shida.

"Hapo toa," akasema mama.

"Mama, mchapishaji kapenda hapo hapo."

"Basi amuue wa kwake."

Akina mama walicheka hadi wakashikana mabega, Jenifer akiwa wa kwanza. Nikachukua kalamu nikakata, na kitabu cha Bwana Raymond nikakiona kikiondoka. Niliendelea kusoma kwa kuwa sikuthubutu kuacha. Nikafika ukurasa wa mwaka wa njaa, tulipokuwa wadogo. Nilikuwa nimeandika kwamba mama alitupakulia ugali wote, akatupeleka kulala, kisha akakaa jikoni peke yake anakwangua sufuria tupu kwa mwiko, kwa nguvu, ili tusikie na tujue naye anakula. Nilikuwa nimeandika kwamba sisi watoto tulilala chini ya blanketi moja tukisikiliza, na hakuna kati yetu aliyesema neno.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Niliinua macho. Mama alikuwa anatazama moto, mikono imelala mapajani.

"Kumbe mlikuwa macho," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii." Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Nilijua mmelala."

Kisha akamgeukia Luciana. "Mwakani tutafute kibarua wa kukata ulezi. Huyu aende akamalize."