Mlezi wa Dawati la Nyuma

Sikumpenda mlezi wangu tangu siku ya kwanza, na sababu yenyewe ni kwamba alikuwa mwema mno. Nilipofika shuleni Mwese na sanduku langu la bati, yeye ndiye aliyenipokea, akanionesha chumba, akaniletea maharage ya shambani kwake, akauliza habari za baba yangu kule Mpimbwe. Mtu mzima anayejipendekeza kwa kijana wa la saba anatafuta nini? Nilikula maharage yake huku nimemkazia macho.

Ilikuwa ile miaka serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani, na walimu hawakutosha. Wakatuchukua sisi tuliomaliza la saba: asubuhi tunafundisha, alasiri tunafundishwa na mwalimu mzoefu, mlezi wetu. Mlezi akiandika kwamba hufai, unarudi kwenu. Na kwetu baba alishatangaza kijiji kizima kwamba mwanawe ni mwalimu. Nirudi kwenye majaruba ya mpunga baada ya maneno yale? Bora ningepotelea porini.

Siku zake za kunitazama, mlezi wangu alikaa dawati la nyuma, magoti yamebanwa na mbao, akiandika kwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti. Nikikosea, anaandika. Nisipokosea, anaandika pia. Kengele ikilia anafunga daftari na kusema, "Tutaongea alasiri, mwalimu." Halafu nikagundua kwamba nyumbani kwake yupo mtoto wa dada yake, binti aliyemaliza la saba kama mimi, anashinda anatwanga tu. Nikajumlisha, jibu likaja lenyewe: nafasi yangu ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Haya, nikasema moyoni, tuone nani mjanja. Siku moja kabla hajaja kunitazama nililifundisha darasa la tano somo zima, maswali na majibu yake. Nikawaambia: kesho wote mnyooshe mikono, anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Kesho yake mikono ilijaa hadi sikuziona nyuso. Niliwachagua wa kulia tu, na hakuna aliyekosa.

Alasiri mlezi akaniambia, na alifurahi kweli, "Mwalimu, nilikuwa na wasiwasi na wewe. Nimeandika kwamba sasa unaweza kusimama peke yako." Akahamia kwa mwenzangu aliyefundisha darasa la tatu. Kila alasiri wapo pamoja ubaoni, wanafuta, wanaandika, wanacheka. Mimi nilijiona mshindi. Hata maharage yake nikawa nayala kwa raha.

Wiki mbili baadaye nikafika kwenye kugawanya sehemu. Nilikumbuka kwamba kuna sehemu moja inapinduliwa, lakini ipi? Nyumba ya mlezi ilikuwa jirani kabisa na yangu, moshi wa jikoni kwake naunusa kitandani. Nikafikiri, hicho ndicho anachokingoja, niulize tu, afute alichoandika. Sikwenda. Nikapindua ile ya kwanza, nikafundisha kwa sauti kubwa, na mtoto aliyesita nikamchapa.

Mwisho wa muhula mlezi ndiye aliyesahihisha mitihani. Akaniita, akazipanga karatasi mezani. Swali lilikuwa nusu gawanya kwa robo, na darasa zima, bila kubakia hata mmoja, walikuwa wameandika nusu.

"Nusu ya muwa ukiikata vipande vya robo muwa, unapata vingapi?" akaniuliza.

"Viwili," nikasema, na papo hapo macho yakanirudi kwenye zile karatasi.

"Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Nilijua unanichunguza."

"Ndiyo, nilikuwa nakuchunguza. Ndiyo kazi niliyopewa."

Nikamtajia yule binti. Akasema binti ameposwa kule Magamba na ualimu hautaki hata kwa dawa. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akazikusanya karatasi, akanikabidhi. "Kesho utawaambia wewe mwenyewe," akasema.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa la tano nikawaambia nimewafundisha vibaya, tunaanza upya. Nilitegemea wacheke. Badala yake wakatazamana. Kisha msichana mmoja akasimama, akafunga daftari lake kwanza, akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Mwalimu, na yale mengine uliyotufundisha?"