Mikono Yenye Harufu ya Mawese

Niliporudi nyumbani Gungu, mjini Kigoma, kutoka Kagunga nilikuwa mzima wa afya, ila mikono yangu mwenyewe niliiogopa kama mtu anavyoogopa mbwa asiyemjua.

Kagunga ni kijiji cha wavuvi, karibu na mpaka wa Burundi. Mwaka ule wakimbizi walijaa ufukweni hadi mtu akakosa pa kukanyaga, wakingoja meli ya kuwaleta Kigoma mjini, na kipindupindu kikawakuta palepale. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Dodoma, mtu wa nchi kavu. Nilipelekwa kwa boti huku nimefumba macho. Kule tulinawa kwa maji ya klorini kila baada ya mgonjwa. Anayesahau hufa, au huua. Somo hilo nililishika barabara, nalo likanishika mimi.

Nyumbani sikuweza kuacha. Nanawa kabla ya kufungua mlango, nanawa tena nikishaufungua. Ngozi ikapasuka, vidole vikatoa damu. Binti yangu mdogo akinijia mbio, ninarudi nyuma hadi ukutani. "Kaa palepale, mikono nyuma," ninamwambia. Siku moja akanijibu, "Mama, unanuka choo," maana choo chetu tulikimwagia klorini hiyohiyo niliyonawia. Wiki ile nilimpandisha treni na dada yangu, aende Dodoma. Majirani niliwaambia amekwenda kumsalimia bibi. Ukweli ni kwamba niliogopa nitamuua.

Mama mwenye nyumba wangu ni Mha, mwenyeji wa Kigoma, na salamu yake si ya kupunga mkono kwa mbali. Hukushika viwiko vyote viwili, akakuuliza habari za kwako, za watoto, za shamba ambalo huna, na hakuachii hadi habari ziishe. Nikimwona, natorokea mlango wa uani. Akadhani namdharau, mimi mtu wa kuja mwenye ajira ya serikali. Asubuhi moja alinivizia penye kamba ya nguo.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, na kabla sijaitikia alikuwa ameshanishika. Nikajaribu kujichomoa. Akaviona vidole vyangu, salamu ikamkatikia mdomoni.

"Mikono hii umeifanya nini, mwanangu?"

"Naogopa, mama," nikasema. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Hakunipa nasaha. Aliingia ndani akatoka na kibakuli cha mawese, yaleyale ya kuungia maharage, akanipaka kidole kimoja kimoja.

"Ukishapaka, kaa. Usinawe mpaka yanywee."

Kukaa ndiko kulikokuwa kazi. Kila jioni nilikaa barazani, mikono myekundu magotini. Lakini mtu akikaa huwaza. Nikawaza kwamba wengi niliowanywesha maji ya chumvi na sukari kule walipona, wakapanda meli kwa miguu yao wenyewe. Sikuwahi kuwakumbuka hao. Niliwakumbuka waliokufa tu. Jioni moja nikashtuka mawese yamenywea zamani, giza linaingia, na mimi sijanawa. Hofu ilikuwapo bado, ila ilikuwa imesogea kidogo kunipisha. Nikalia, kisha nikajipa hongera mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua la kunipongezea. Kesho yake nikampigia mama yangu simu Dodoma: mleteni mtoto.

Treni ilichelewa, kama kawaida yake. Nilisimama stesheni nikingoja. Penye lango palikuwa na ndoo ya kunawia, na miguu ilinivuta kwake. Nikajilazimisha kuipa mgongo, maana nilikuwa nimeshanawa nyumbani, kwa sabuni, kama watu wengine.

Binti yangu alishuka na dada yangu, akaniona, na hakukimbia. Alisimama mbali, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha.

Nikampigia magoti kwenye kokoto, nikamshika viwiko vyote viwili, nikamuuliza habari za bibi, za mbuzi, za njiani. Nilikuwa bado naogopa, na sikumwachia. Akainama, akanusa vidole vyangu taratibu.

"Mama," akasema, "unanuka maharage."