Chai ya Mama Ina Msumari Tena

Admin, tafadhali usiweke jina langu. Haya sijamwambia mtu yeyote: saratani ya mama yangu imerudi, na yeye hajui kuwa ninajua.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu. Tunaishi Najma, hapa Doha. Baba ni dereva wa familia moja kule Al Wukair, huja nyumbani Ijumaa tu. Mama alipougua saratani ya ovari mara ya kwanza, niliacha masomo mwaka mzima nimuuguze. Kila baada ya dawa za kemo mdomo wake ulibaki na ladha ya chuma, akawa akiisukuma chai na kusema, "Nani ametia msumari humu?" Alipopona, ukawa mzaha wetu wa nyumbani.

Mwezi uliopita aliisukuma tena. Safari hii hakusema kitu. Alikamua limau ndani, akanywa amefumba macho. Baadaye nikamkuta amenyoa kichwa, akaniambia, "Joto hili la Doha, nani atabeba nywele?" Jirani yetu akamtania mlangoni, "Ala! Umeandikwa jeshini bila kutuaga?" Wakacheka. Mimi nilikuwa nasikia AC ikinguruma, na mama amejifunika shali.

Kila Jumanne huniambia ameongezewa zamu hotelini anakofanya kazi. Jumanne iliyopita nilimfuata, nikafika hospitali. Nilimwona kupitia kioo cha chumba kile kile cha kemo, mrija mkononi, macho ukutani. Kwenye kiti cha kando, nilichokuwa nikikalia mimi, alikuwa ameweka mkoba wake. Nilirudi nyumbani nikapika wali.

"Kazi ilikuwaje, mama?"

"Nzito, mwanangu. Baba yako ameshakata tiketi?"

"Ndiyo."

"Basi nenda chuo Nairobi. Mwaka wako mmoja nilishaula. Wa pili siuli."

Wali hakuugusa.

Ninaondoka mwisho wa mwezi. Baba hajui lolote, anajisifu kwa wenzake kuwa binti yake anaenda kusomea uuguzi. Nikisema ninajua, nitamnyang'anya mama kitu anachokipigania, mimi niende chuo bila kugeuka nyuma. Nikinyamaza, nani atakalia kile kiti? Na nikirudi likizo nisimkute?

Nishikeni mkono, dada na kaka zangu, niende au nibaki? Lakini wengi wenu mko hapa hapa Doha, kwa hiyo nawasihi, siri hii isitoke kwenu. Mkimtambua kanisani, yule mama wa kitambaa cha zambarau kichwani, msimpe pole. Mwambieni tu kimempendeza.