Kadi ya Salamu ya Cucu

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni namenya viazi, simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa majani chai, wakati mmoja wa wale tuliosoma nao shule ya msingi alipotuma wimbo kwenye grupu letu. Grupu hilo, wacha nikwambie, halina kazi nyingine siku hizi. Tulilifungua ili tujulishane misiba na harusi, tukaishia kutumiana nyimbo za zamani. Huyu anatuma ya kwaya, yule anatuma ya zile bendi za kina baba, halafu tunaulizana: unaikumbuka hii? Ulikuwa wapi ikivuma? Watu wazima wenye vipara na ugonjwa wa sukari, tunacheka na simu kila mtu kwake.

Wimbo wenyewe ni ule wa mwanamume anayemwimbia mamake asifunge mlango, yuko njiani anarudi. Gitaa lilipoanza tu, nikaweka kisu chini. Huo ulikuwa wimbo wa cucu, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu. Nikaandika kwenye grupu, "Huu ulikuwa wa cucu wangu," nikaongeza na kamoyo kekundu. Hazikupita dakika tano, rafiki yangu wa dawati akatuma ujumbe wa sauti. Nitakwambia alisema nini. Lakini nianze na cucu, maana ukisikia ya rafiki kabla hujasikia ya cucu, utacheka kama walivyocheka wengine.

Nililelewa Meru, huko juu ya Nkubu, miaka ya tisini ikianza, kwenye boma lililozungukwa na kahawa mpaka mlangoni. Cucu alikuwa na chumba chake, kitanda chake, ng'ombe wake mmoja mwenye pembe iliyovunjika, na redio. Redio ilikuwa na koti la ngozi lenye vitundu mbele, na ilikaa kwenye msumari juu ya kitanda. Nyumba nzima haikuwa na nyingine. Mawe ya redio, yaani betri, yakianza kuchoka, na sauti ya mtangazaji ikawa ya mtu mwenye mafua, cucu aliniagiza niyaanike kwenye bati juani pamoja na mahindi. Mengine tuliyauma kwa meno ili yatoe nguvu ya mwisho. Usinicheke, hata nyinyi mliyauma.

Jumamosi alasiri kilikuwa kipindi cha salamu. Wewe wa rika langu unakumbuka: mtu ananunua kadi dukani, anajaza jina lake, majina ya anaowasalimu, ujumbe, na wimbo anaouomba, anaituma kwa posta, halafu anangoja. Mtangazaji anasoma, Kenya nzima inasikia. Tulikaa mimi na cucu kwenye ngozi ya mbuzi, tumeshika nduma za moto na vikombe vya uji, tukiwasikiliza watu wa Busia wakiwasalimu watu wa Voi. Cucu hakujua Kiswahili. Alijua "jambo", "leta" na "serikali", basi. Mimi ndiye niliyemtafsiria, na Mungu anisamehe, palipokuwa pagumu nilitunga.

Wimbo wa mlango aliupenda kupita zote. Aliuimba akikama, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "mama usifunge mulango", na ng'ombe alimwachia maziwa bila ubishi. Siku ukichezwa redioni aliinua kidole, na ole wako useme neno.

Jumamosi moja aliniuliza, "Hawa wanaotajwa, wote ni watu wa serikali?"

"Hapana, cucu. Ni watu tu. Wanatuma kadi."

Akatafuna nduma yake mpaka ikaisha. "Basi hata mimi naweza kutajwa," akasema.

Nilidhani ni mchezo. Haukuwa mchezo. Aliniambia kwamba tangu aolewe ameitwa mama wa fulani, halafu cucu wa fulani, na jina alilopewa kwao amelisikia likitamkwa na watu wawili tu: padre siku ya ubatizo na karani wa kitambulisho. Wasichana aliokua nao waliolewa mbali, mmoja Isiolo, mwingine alisikia yuko Nairobi. "Wakisikia jina langu," akasema, "watajua bado niko." Ilikuwa haja yake hiyo moja. Mwanamke ambaye hakuwahi kuniomba kitu zaidi ya kuni na maji.

Haukupita muda, tumbo likamshika. Ikaamuliwa apelekwe hospitali Nkubu siku ya Jumatatu, na Jumapili yake, baada ya kanisa, tukaketi kujaza kadi. Kadi nilikuwa nimeinunua kwa mayai ya kuku wake. Niligeuza karai kitako juu likawa meza, yeye amelala ubavu ananiambia cha kuandika. Majina yake, yote matatu. Waliosalimiwa, wote wa kwetu na wale wasichana wa zamani. Wimbo, ule wa mlango. Kwenye ujumbe akafikiri sana, mwisho akasema: "Andika ng'ombe wangu asiuzwe, narudi." Baba alikuwa ameshaanza kumtazama yule ng'ombe kwa jicho la soko. Nikaandika kwa Kiswahili, kisha nikamfundisha maneno hayo mpaka akayakariri, ili siku ikisomwa asikie mwenyewe bila mimi.

Sasa kulikuwa na shida moja. Niliandika kwa penseli. Shuleni kwetu mwalimu wa darasa la nne alikuwa na sheria yake: biro haishiki mtu mpaka mwandiko wake upite mbele ya macho yake. Wangu ulikuwa bado haujapita. Wa rafiki yangu wa dawati ulikuwa umepita tangu muhula wa kwanza, na biro yake ya buluu aliichomeka kwenye sweta kama mwalimu mkuu. Tuliamini kabisa kwamba kadi ya penseli ikifika Nairobi inatupwa.

Huyo rafiki, nikueleze. Tuliketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Githeri tulikula kwenye mkebe mmoja. Mvua ikinyesha tulijifunika gunia moja kwenda nyumbani. Baba yake alikuwa karani mjini Meru, na barua zake zilienda posta bila kuchelewa. Kwa hiyo Jumatatu nilimpa kadi ya cucu. Kazi yake ilikuwa kupitisha biro juu ya penseli yangu, herufi kwa herufi, na kumpa babake aitume. Aliishika kwa mikono miwili, akaisoma yote. "Niachie mimi," akasema.

Cucu akaenda hospitali, na redio ikaenda naye. Mama mwenyewe aliitoa kwenye msumari, akaifunga kwenye kanga. Kwetu kukawa kimya. Na kahawa ilikuwa imeiva; Jumamosi hatukuwa na nafasi ya kujikuna, tulichuma tangu asubuhi, vidole vimeganda utomvu, halafu foleni ya kiwandani na debe kichwani. Kipindi cha salamu kilipita Jumamosi tatu bila mimi kukisikia. Sikujali. Wa kusikia alikuwa na redio yake.

Jioni ya Jumamosi hiyo ya tatu, nikitoka kiwandani, nilipitia kwa rafiki yangu nikakuta harufu ya chapati. Chapati! Na si Krismasi. Mamake alinikumbatia na uchafu wangu wote. "Leo nimetajwa redioni, mtoto wangu! Kenya nzima imenisikia!" Alinifungia chapati mbili kwenye gazeti. Rafiki yangu akanivuta kando ya tanki la maji, akaniambia kwamba alipotuma kadi ya cucu alituma na yake kwa ajili ya mamake. Yake imetangulia, ya cucu itasomwa Jumamosi ijayo. Nikamuuliza aliomba wimbo gani. "Wa kwaya," akasema. Nilifurahi, aki. Niliona njia inafanya kazi. Nilikula zile chapati nikipanda mlima, na nikazisifu.

Kesho yake tukaenda kumwona cucu. Alikuwa amepungua, shuka imekuwa kubwa. Redio ilikuwa dirishani. Hakungoja hata mama aketi, alinishika mkono.

"Wamecheza wimbo wangu," akasema. "Wakasema ng'ombe wangu asiuzwe, narudi. Lakini wamemwita mtu mwingine."

Na mimi, mtoto wa darasa la nne ninayejua kila kitu, nilicheka. "Cucu, hizo dawa zimekuchanganya. Yako bado. Ni Jumamosi ijayo."

"Nimesikia ng'ombe wangu."

"Ng'ombe ni wengi, cucu."

Hakubishana. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili, yeye hakuwa nacho. "Basi nitangoja," akasema, na akamwomba mama ayatoe mawe ya redio ayaanike ukutani nje ya wodi, yasije yakaisha kabla ya siku.

Alingoja Jumamosi mbili. Mama alisimulia kwamba kipindi kikianza aliwanyamazisha wagonjwa wengine, hata mwuguzi. Katikati ya juma lililofuata akafariki. Siku ya mazishi rafiki yangu wa dawati alinishika mkono tangu kanisani mpaka kaburini, na alilia kuliko mimi. Watu walisema, tazama mtoto mwenye huruma. Ng'ombe aliuzwa kabla ya Pasaka.

Miaka yote hiyo, unajua nilimchukia nani? Mtangazaji. Nilisema ameitupa kadi ya cucu, sikusikiliza tena kipindi chake. Na yule rafiki? Ndiye aliyenisimamia kanisani siku ya harusi yangu.

Sasa sikiliza alichosema Jumapili, na kicheko chake ndani: "Woi, huu wimbo! Mnajua ndio ulimfanya mama atajwe redioni? Ilikuwa kadi ya cucu wa huyu dada hapa. Yeye aliandika na penseli, mimi nikachukua kipande cha slipasi, ile ndala ya mpira, nikafuta majina yote, nikaweka ya mama na biro! Wimbo na ujumbe nikaviacha, nikavipitisha biro tu, sikujua ningeandika nini. Sasa mama anatajwa, eti ng'ombe wangu asiuzwe, na sisi hatukuwa hata na kuku! Baba alituuliza huyo ng'ombe wiki nzima. Dada, usinichape, eh?"

Vikaanza kuingia vile vichwa vya manjano vinavyolia kwa kucheka. Kumi, kumi na tano. Mwingine akaandika, "Wewe ulikuwa mwizi tangu utotoni!" Niliirudia ile sauti mara nne, viazi nilivyomenya vikawa vyeusi.

Nikamwandikia kando, si kwenye grupu: "Kwa nini?" Akajibu upesi kwamba mamake alikuwa amesahauliwa na mzee kwa ajili ya mwanamke wa mjini, alikuwa hali chakula, na yeye alitaka kumwona akicheka siku moja tu. "Pole dada, tulikuwa watoto. Na hukuwahi kuniuliza. Nilidhani ulishajua ukanyamaza." Eti nilijua! Ningejua vipi, na aliniambia kwa kinywa chake kando ya tanki kwamba ni wimbo wa kwaya? Nimekasirika, sifichi. Nimekasirikia slipasi, biro, na yale machozi ya kaburini. Zile chapati ndizo zinazoniuma zaidi. Nilizisifu.

Nikienda kwetu siku hizi kahawa imeng'olewa, wamepanda makadamia. Chumba cha cucu kimekuwa stoo ya mbolea, msumari bado uko ukutani. Kadi za salamu sijaziona dukani miaka mingi. Mtoto wangu akitaka jina lake lisikike dunia nzima anagusa kioo cha simu kwa kidole gumba, na haanikii mtu yeyote mawe juani. Cucu alihitaji kadi moja, kipindi kimoja, na watu wawili wa kuaminika. Watu hao walikuwa sisi, dawati la pili kutoka mbele, upande wa dirisha.

Maana ukweli wenyewe, nikwambie, ni kwamba yule aliiba jina tu. Mimi ndiye niliyemwambia cucu kwamba hakusikia alichosikia. Alisikia wimbo wake, akasikia ujumbe wake neno kwa neno kama nilivyomkaririsha, na mtu pekee aliyemtegemea alimwambia ni dawa.

Jana alasiri, Jumamosi, niliketi sebuleni nikabonyeza kile kipaza sauti cha grupu. Nikauweka wimbo wa mlango uanze kwa chini, nikasoma polepole kama alivyosoma mtangazaji: "Salamu hizi zinatoka kwa Raheli Kaburo wa M'Ikiara, aliyelazwa Nkubu. Anawasalimu wote wa nyumbani, na wasichana aliokua nao, walioko Isiolo na Nairobi. Ujumbe: ng'ombe wangu asiuzwe, narudi." Nikaachia kidole, ikaenda. Hakuna aliyecheka. Rafiki yangu wa dawati alisikiliza, kisha jina lake likaonekana limetoka kwenye grupu.

Wimbo nikauacha uendelee mpaka mwisho, kidole juu, kama yeye.

Dawa hazikukuchanganya, cucu. Ulisikia vizuri.